Baba Yenu Kapiga Magoti

Leticia na Bryson,

Uji umo kwenye chupa, maandazi kwenye hotpoti. ~~Msimsubiri baba yenu.~~ Msubirini, mle naye.

Alfajiri nilidhani keshatoka kwenda kilabuni kama kawaida yake. Nikamkuta sebuleni kapiga magoti, anamwomba Mungu, anawataja ninyi mmoja mmoja kwa majina. Akageuka, akasema taratibu, "Mama Leticia, nimechoka kuwa yule yule. Namtaka Yesu. Nianzie wapi?"

Nikamwambia aanzie kwa kaka yenu Fidelis, ambaye yeye mwenyewe alimfukuza hapa nyumbani. Hakubisha. Kavaa viatu, kaenda Buguruni kumwomba msamaha.

Mimi nawahi mzigo Kariakoo. Wakirudi pamoja, waamkieni, msiulize kitu.

Mama