Waya Niliouchukua Msibani Kwako

Mtani,

Shikamoo sikukupa ukiwa hai, na leo sianzi. Nakuandikia nikiwa Mikumi, nimekalia ndoo chumbani, mgongo unaniuma kwa mtaro niliouchimba jana kutoka barabarani hadi gesti ya Mama Riziki. Udongo wa huku bado mgumu kama roho za Wakaguru. Nisamehe. Hapana, usinisamehe, ndivyo mlivyo.

Nina jambo la kukueleza, na aibu ni yangu.

Siku tuliyokuzika kwenu Mamboya nilifanya kazi yangu ya utani kama inavyotakiwa. Nililala kando ya kaburi nikasema Mkaguru huyu hafukiwi mpaka aeleze kwa nini miaka yote mimi nachimba na yeye anashika kompyuta. Watu walicheka huku wanalia. Mnyamwezi mwenzangu alinyakua kofia yako, ndugu zako wakaikomboa kwa jogoo. Mimi nikafungua mkoba wako wa kazi, nikatoa ule waya bapa wa buluu, nikajifunga kiunoni, nikangoja na mimi nikombolewe. Mkeo aliutazama, akasema, "Huo baki nao, shemeji. Hata mbuzi haufungi."

Basi nikabaki nao. Miezi saba nimeuanikia nguo, msumari hadi msumari. Unabeba suruali mbili na shati, haulegei. Ulinunua kitu kizuri.

Wiki iliyopita wale wanaotuletea mtandao walibadilisha namba zao. Kompyuta zote nne za Mama Riziki zikawa kama masanduku. Watalii wakitoka mbugani wanaingia kusoma barua zao, wanatazama kioo, wanaondoka na soda hawanywi. Ilibidi mtu aingie ndani ya ruta yako, kile kidude cha kugawa mtandao, abadilishe namba. Mama Riziki akanisimamisha mbele ya ukuta, pale ulipoifunga. Akasema mimi ndiye niliyekuwa mkia wako, kwa hiyo nijue la kufanya. Nikishindwa, yeye hana haja ya mtu wa kuchimba mitaro isiyopitisha kitu.

Mtani, unajua nilikotoka. Shamba la mkonge lilipobinafsishwa walitupunguza kama magugu, na wewe ndiye uliyenipa sururu na kuniita kazini. Nikiipoteza hii ni kurudi Tabora mikono mitupu, na meno nayo yamepungua.

Akaletwa mtaalamu kutoka Morogoro, Dada Stela. Aliizunguka ruta yako kama daktari, kisha akasema haiingiliki bila waya wake maalumu. Akaueleza: bapa, wa buluu, kichwa kimoja kipana, kingine kama cha simu. Akauliza fundi aliuacha wapi. Nikatazama vidole vya miguu yangu. Akasema kama haupo atafuta kila kitu aanze upya. Siku tatu, na yote uliyoyapanga mle ndani yatapotea.

Nilikuona unavyoyapanga, ulimi nje, jasho linadondokea vitufe. Nikamwambia anisubiri kidogo tu.

Nilirudi mbio, waya mkononi, suruali begani inachuruzika. Dada Stela akaupokea, akaunusa. "Kaka, mbona unanuka sabuni?"

Nikamwambia fundi alikuwa mtu msafi.

Akachomeka kichwa kipana kwenye kompyuta yake ya kukunja, kile kingine kwenye ruta. Kioo kikawa cheusi. Akabonyeza, yakatoka maandishi. Aliyasoma kimya, akanitazama, akayasoma tena kwa sauti.

"Mtani, kama unasoma hapa basi nimekufa, na waya umeuiba wewe."

Mama Riziki alicheka mpaka akakaa sakafuni. Na mimi nilicheka. Halafu sikujua tena ninafanya nini, nikatoka nje nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Niliporudi, ruta ilikuwa inadai neno la siri. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniambia kila ukifika hapo? "Geukia ukuta, Mnyamwezi." Nami nageuka kama mtoto aliyeadhibiwa, nasikia vitufe tu. Dada Stela alijaribu jina la mwanao, la mkeo, akajaribu Mamboya. Ikakataa yote. Akaanza kuzungumzia kufuta.

Ndipo nikaikumbuka siku ile ya mvua Munisagara, tumejibanza chini ya turubai kando ya reli, ukaniuliza mama yangu aliniitaje. Hakuna mtu Kilosa wala Mikumi aliyewahi kuniuliza hilo. Wote wananiita Mnyamwezi, na Mama Riziki pia. Nikakutajia. Ukasema hilo ni jina la mbuzi dume, na hukulitamka tena hata siku moja.

Nikamwambia Dada Stela, jaribu Nkwabi.

Ikafunguka.

Miaka yote ile, mtani, ulikuwa unaniita kwa vidole huku mimi nimegeukia ukuta.

Mtandao umerudi. Kazi ninayo. Waya sasa unaning'inia kando ya ruta kwenye msumari wake, na nguo zangu naanika uani, zinaibiwa soksi. Mwezi ujao nakwenda Mamboya kumpelekea mkeo jogoo, niukomboe waya nilioupora mwenyewe. Hakuna mtani aliyewahi kufanya kioja hicho, kwa hiyo ukikutana na Wanyamwezi huko usiwaambie. Kaburi nitalipalilia, na matusi nitakuletea mapya.

Jambo la mwisho. Dada Stela alisema neno la siri libadilishwe, maana sasa tunalijua watatu, akanisogezea kompyuta. Nimeliandika mwenyewe kwa kidole kimoja, taratibu, na hao kina mama wawili niliwaamuru wageuke. Na wewe sikuambii. Lala salama, Mkaguru.

Geukia ukuta.

Nkwabi