Foleni Iliyopotea Mbele ya Wizara

Jumapili, Septemba 2017. Alasiri, mapumziko.

Leo hewa ya Deira, mtaa wetu hapa Dubai, imelowa kama taulo la bafuni, na mie machale yananicheza tangu asubuhi.

Foleni haikufika mlangoni petu. Jumapili, siku ya kwanza ya kazi, watu wa vibali vya kazi hujipanga mbele ya wizara ya kazi tangu alfajiri, mstari ukakunja kona mpaka kwenye kafeteria ninapouza chai. Leo nimehesabu watu sita. Sita! Birika la kwanza limepoa likiwa limejaa.

Nyie msiopajua, jengo lile ni la serikali ya shirikisho, ile kuu ya nchi nzima yenye makao Abu Dhabi. Hapa Dubai ni tawi tu. Magazeti husema Dubai inaishi kwa minara na bandari ya Jebel Ali. Haya, waje mtaani kwetu. Sisi tunaishi kwa muhuri. Mpiga picha za pasipoti, wachapaji wa fomu, fundi funguo, dereva teksi anayesinzia pale nje, na mie na sinia langu, sote tunakula kwa sababu ya bendera moja juu ya mlango. Skuli Tanga tulifundishwa kwamba serikali hukusanya kodi. Hatukuambiwa kwamba ikikaa tu mahali, makarani wake wakashikwa na kiu, mtaa mzima unapata riziki.

Kwa hiyo foleni ikipotea, nataka kujua kaiba nani.

Nilianza na kafeteria ya pili, ile ya kona. Nikapita kuchungulia, nikijifanya natafuta chenji. Viti vitupu, mwenyewe anapepea nzi.

Shaka ikamgeukia arbab wangu, tajiri mwenye kafeteria na mdhamini wa kibali changu. Siku hizi ananiita "sister" kwa sauti laini, na mtu aliyezoea kunifokea akianza ulaini, mie hulala na pochi kifuani. Kibali changu kinaisha mwisho wa mwezi huu. Wiki iliyopita nilimuuliza, akajibu, "Nimeshapeleka maombi, khalas, usijali. Inshallah." Hiyo inshallah ya mwisho ndiyo iliyoninyima raha. Kibali kikifa narudi Tanga, na binti yangu Mwanaidi yuko kidato cha tatu, bweni, ananitegemea mie peke yangu.

Akabaki Musoke, mlinzi wa pale wizarani, Mganda mwenye mizaha. Mchana nikamvaa.

"We Musoke, watu wangu unawapeleka wapi?"

Alicheka mpaka kofia ikamwinama. "Dada Zuhura, watu hawakuji tena. Wanamalizia kwa simu. Si ni wewe uliwafundisha?"

Khaa.

Ni kweli, wallahi. Tangu mwaka jana wizara ilipoweka huduma zake kwenye simu, nilikuwa nawaita watu kutoka juani: njoo ukae, kunywa chai, lete simu nikuonyeshe. Mayaya wa Kifilipino, walinzi Wakenya, mafundi wa Kipakistani wasiojua kusoma. Niliwaonea huruma, na kusema kweli nilitaka pia wakae waagize chai ya pili. Maofisa wakafurahi. Walikuja na keki, wakanipa cheti cha shukrani chenye nembo ya dhahabu, tukapiga picha. Nimekitundika juu ya jiko, na kila mteja lazima akisome atake asitake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilivaa aproni yangu.

Nilirudi nikasimama chini ya cheti, nikacheka, halafu nikalia kidogo. Ndipo likanijia jambo. Simu za watu wote wale nimezifungua, na habari za kibali changu mwenyewe sijawahi kuzitazama. Woga tu. Kutojua kulikuwa kunanipa usingizi. Nikaingiza namba yangu.

Hakuna ombi lolote.

Si kwamba limekataliwa, wala halisubiri. Arbab hakupeleka kitu. Sababu yake naihisi tu: ameona kabla yangu kwamba foleni inakwisha, anataka kibali kife chenyewe, afunge duka bila kelele zangu. Hilo huenda namsingizia. Lakini ule uongo nimeuona kwa macho yangu, na umeniuma.

Saa kumi, mapumziko yakiisha, atakuja kufungua tena. Nitamtilia chai yake ya iliki kama kawaida. Akiniita sister, nitamwitikia. Akiniuliza kama niko sawa, nitamwambia inshallah.

Kesho asubuhi nitavuka barabara niingie jengo lile bila sinia, kwa mara ya kwanza, nikamshitaki kwa karani ambaye sukari ya chai yake naijua kwa moyo. Sitakawia. Foleni haipo.