Jukwaa Namba Mbili

Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Stesheni Kuu.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa binamu yangu Chiriku,

Hujambo huko uliko? Kikohozi chako kimeisha, au bado unakunywa maji ya barafu na kusingizia hali ya hewa? Shemeji na watoto hawajambo? Huku sote tu wazima, ila mguu wangu wa kushoto unalalamika nikipanda ngazi za kazini. Ngazi za umeme zimeharibika tena, na fundi wake kila akija anazitazama, anasikitika, anaondoka.

Sasa weka kikombe chini. Baba yangu na mama yako wamezungumza! Usiruke mistari, nitakueleza yote.

Unajua ilivyokuwa. Tangu babu azikwe, miaka tisa sasa, mama yako alikuwa hajamsamehe kaka yake. Treni yake ilichelewa, na baba, fundi saa ambaye hata chai anainywa kwa dakika, akasema mazishi ni saa saba na saa saba imefika. Shangazi akakuta kaburi limeshafukiwa. Mimi na wewe tumebembeleza pande zote mbili mpaka midomo ikakauka.

Mwezi uliopita shangazi alinipigia simu kwamba angepita hapa akienda kumtembelea mwenzake waliyesoma naye ukunga. Angeshuka kwenye treni Jumanne iliyopita, saa nne kasorobo asubuhi, apande basi la saa tano papo hapo stesheni. Siku hizi treni za mbali, treni za mjini na mabasi vyote viko chini ya paa moja. Nikamwomba hiyo saa moja na robo amwachie baba. Akasema, "Akitaka kuja, aje. Asipokuja, nitakuwa nimejua." Nilielewa kwamba hatakubali tena kubembelezwa.

Nikamwandikia baba ujumbe: shangazi atakuwa jukwaani, namba mbili, saa nne kamili. Hapo ndipo nilipoboronga. Miaka kumi na miwili natangaza kwenye kipaza sauti "treni inaingia jukwaa namba mbili", nikasahau kwamba huko nje watu husema "pale treni inaposimama", na kwamba kwa baba yangu jukwaa ni mahali pa waimbaji na wenye hotuba.

Na Jumanne hiyo wakubwa walikuwa wamejenga jukwaa la namna hiyo hiyo katikati ya ukumbi wa tiketi. Walikuwa wanafungua daraja jipya la juu, linalotoka kwenye treni hadi mabasini kupitia ukumbini, ili abiria wasizunguke tena nje na mizigo juani. Maua, mazulia, viti vyenye namba. Baba akaja na suti yake ya kijivu, akauliza jukwaa liko wapi, akaonyeshwa. Akauliza namba mbili, akakalishwa kwa heshima zote na chupa ya maji akapewa.

Mimi nilikuwa juu kwenye chumba changu cha vioo cha kutangazia, naziona treni lakini ukumbi siuoni. Shangazi nilimwona, ameketi juu ya begi lake, anamchungulia kila mwanamume anayepita. Saa nne na robo. Saa nne na nusu. Nampigia baba, simu haipatikani; kumbe ameizima kwa adabu za mkutano. Kutoka siwezi, treni mbili zinaingia. Saa tano kasorobo shangazi akasimama, akajitanda mtandio, akachukua begi. Chiriku, nililia huku natangaza. Abiria lazima walidhani nimefiwa.

Ndipo mshereheshaji akamwomba "mzee wetu wa kiti namba mbili" aseme neno. Kipaza sauti chao kilikuwa kimeunganishwa na spika za stesheni nzima, hadi vyooni. Nikasikia sauti ya baba:

"Samahanini, mimi ni fundi saa tu. Niliambiwa dada yangu yuko jukwaani, namba mbili. Namba mbili nimekaa mwenyewe, na yeye simwoni."

Stesheni nzima ikaangua kicheko. Mshereheshaji akataka kumpokonya kipaza, baba akakishikilia.

"Siku tunamzika baba yetu sikumngoja. Nilitazama saa, sikumfikiria yeye. Leo saa imeshapita, na hapa sibanduki mpaka aje."

Kicheko kikakatika. Shangazi aliganda pale pale. Halafu, mwenzangu, mbio za mama yako! Akashika daraja jipya ambalo hata halijafunguliwa. Mlinzi akajaribu kumzuia, akaambiwa, "Watu wa umri wako niliowapokea wakizaliwa hawana idadi, nipishe!" Utepe mwekundu aliopangiwa mgeni rasmi kuukata ulikwenda naye kifuani hadi ukumbini.

Nilimkabidhi kipaza mwenzangu aliyekuwa anaingia zamu, nikashuka mbio. Niliwakuta wamesimama jukwaani mbele ya umati. Mama yako ndiye aliyeanza: "Mpaka leo hujui kufunga tai." Akaifungua, akaifunga upya, taratibu, na baba analia kimya, kidevu juu asimharibie kazi. Watu wakapiga makofi, bendi nayo ikadakia. Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu.

Kesho yake mkuu wa stesheni aliniita. Nilikwenda nimejiandaa kufukuzwa. Alisema tu kwamba kuanzia sasa tutangaze "jukwaa la treni", kisha akauliza kama baba anatengeneza na saa za ukutani.

Mume wangu anakusalimu sana, na wanangu wanauliza utakuja lini. Msalimie shemeji, wabusu watoto, hasa kitinda mimba. Mungu awafunike kwa heri zake na akufungulie njia urudi tukuone.

Mama yako alitaka akuandikie habari hizi mwenyewe, lakini hana nafasi. Yuko uani na baba, wanabishana babu alinunua baiskeli mwaka gani. Basi lake huondoka kila nusu saa. Leo ni siku ya sita analikosa.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye jana, leo na siku zote,

Dada Kipaza