Raba mbili tofauti, goti moja

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijamtupa mtu nje pamoja na kochi alilokalia. Mimi nauza raba za mitumba na tangazo langu ni miguu yangu, kila asubuhi navaa kushoto raba yenye soli nene kama tofali na kulia nyembamba kama kadi ili wateja waone mbili kwa mpigo, nakimbia barabara nzima mpaka stendi, watu wanacheka, wananunua, sasa goti la kulia limevimba kama limemeza mpira, nikishuka ngazi linanichoma, nikasema litajichokea lenyewe, nikaendelea. Basi shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuja kutusalimia na mpaka leo bado anasalimia, akamwambia dada yake kwamba mbio zinasaga magoti, na huyu mtu hakimbii hata akinyeshewa, ila akiinuka kwenye kochi magoti yake yanalia kuliko mlango wa choo chetu. Mke wangu akamsikiliza yeye. Jana naamka, raba zote zimefungiwa kabatini, ufunguo kauvaa shingoni, ananiambia, "Baba watoto, mimi sikuolewa na mkongojo." Nimechemka, nimesusa chakula chake na njaa ndiyo inazidi kunipandisha hasira. Tutaishi vipi? Nivunje kabati?

Kushoto-Kulia

Kushoto-Kulia, kabati usiliguse. Kufungiwa kazi yako huku mgeni anaangalia kunauma, nakubali. Lakini nimetafuta mwenye kosa kwenye barua yako nikakukuta wewe. Tofali mguu huu, kadi mguu ule, halafu unakimbia barabara nzima? Ulikuwa unachechemea hata kabla hujaumia. Shemeji anazisingizia mbio, wewe unamsingizia shemeji, na goti lenyewe hakuna aliyelipeleka kliniki.

Lipeleke kesho, likaangaliwe na aliyesomea magoti, siyo na mtu wa kwenye kochi. Mpaka akuruhusu, hakuna kukimbia. Tandika raba chini uuze umekaa, mdomo wako haujavimba. Ukirudi barabarani anza kidogo kidogo, tena kwa jozi moja iliyofanana. Za maonyesho zining'inize shingoni.

Mkeo hakufungia raba, amelifungia goti lako ndani lisitoke. Kula chakula chake, kisha umwombe radhi. Na gunia la mzigo usilibebe wewe. Hapo nyumbani kuna magoti yamepumzika vya kutosha. Mwamshe shemeji.