Yai Lililoita Watu kwa Jina la Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kabla hujanisaidia nikuseme kwanza, maana wewe ndiye uliyeleta haya. Mume wangu alikuandikia kuuliza abaki na redio yake ya zamani au achukue hii ya kompyuta, nawe ukamjibu hapa gazetini, "Mzee, nenda na wakati." Wakati gani? Uliwahi kuingia nyumbani kwangu ukaona redio ile inafanya kazi gani?

Mimi shule sikukaa sana, lakini macho ninayo. Mzee ana leseni ya kuongea na watu wa mbali kwa redio, hapati kitu, ni starehe yake tu, na miaka yote alikuwa na lile dude la chuma, zito kama mfuko wa saruji, lina taa za kioo ndani zikiwaka chumba kizima kinapata joto, nami kila kuku akisusa kuatamia nilikuwa nalaza mayai juu yake, vifaranga wanatoka wazima na hakuna aliyelalamika. Baada ya jibu lako akalitupa dude stoo, akaleta kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni, baridi kama tumbo la chura, eti redio yenyewe sasa iko ndani ya kompyuta, na mawimbi hayasikilizwi tu, yanatazamwa, yanashuka kwenye kioo rangi rangi kama nguo inayochuja kwenye beseni. Namwambia njoo ule, ananijibu, "Subiri, mama, naona mtu." Anamwona.

Basi kuku wangu mwekundu akasusa. Kisanduku hakina joto, lakini kompyuta inalo, maana kazi yote ya redio inaifanya yenyewe inahema kama mbwa, nikakunja taulo nikatandika juu ya vitufe vyake, nikapanga mayai, nikaenda kufua. Kosa liko wapi? Yai moja likateleza kutoka kwenye taulo likaketi juu ya kitufe, na kitufe hicho ndicho mzee alichohifadhia salamu zake, kikibonyezwa kompyuta inaita watu kwa ile milio ya ti-ti-taa. Yai likaita asubuhi nzima kwa jina la mume wangu, na mtu wa ng'ambo akajibu, akasifu mkono mwepesi wa kupiga milio.

Chama chao cha watu wa redio wakasikia. Mwenyekiti wao, fundi saa wanayemwita Masikio, amekuja kukaa kwenye kochi langu, chai hakugusa.

"Shemeji, nani alikuwa hewani? Maana mumeo nilikuwa naye kwa kinyozi."

"Yai," nikamwambia.

Akamgeukia mzee. "Mwenzangu, mkeo ananitania?"

Sheria yao ni kwamba asiye na leseni akikaa hewani peke yake, mwenye redio ananyang'anywa yake. Sasa mzee ananibembeleza Jumamosi nisimame mkutanoni niseme ni mimi niliyekuwa najifunza, eti bibi kizee atahurumiwa. Nikikataa anapoteza leseni, na bila redio mume wangu hana kinachomwamsha asubuhi. Nikikubali naitwa mwizi wa hewa uzeeni. Nifanyeje?

Bibi wa Mayai

JIBU

Bibi, shikamoo. Umenisema, nimesikia, sasa kaa chini na wewe. Mume wako aliponiuliza hakutaja yai hata moja. Redio ya kompyuta ni nzuri, sifuti neno: anaona mawimbi yote kwa pamoja badala ya kuyapapasa moja moja, na ikipitwa na wakati anabadilisha programu, hanunui chuma kingine. Ila ile ya zamani inataka mkono wa mtu uminye kipaza sauti, na yai halina mkono. Kompyuta haiulizi aliyebonyeza ni nani. Inatii tu.

Lakini yai halikupanda mezani kwa miguu yake. Ulilipandisha wewe, halafu unashtaki gazeti. Na mzee wako ametoka kwenda kunyolewa akaacha redio wazi, antena imechomekwa, sasa anataka kujificha nyuma ya gauni lako. Usikubali. Ukisema ni wewe, Masikio atakwambia upige salamu zile mbele ya watu, na wewe ti huijui wala taa. Unaogopa mzee akikosa redio atashinda jikoni anakufundisha kukata vitunguu. Nakuelewa. Ndiyo maana ukweli wenu lazima uonekane kwa macho.

Leo hii mwambie alitoe dude stoo, aliwashe, mayai yarudi kwenye joto lake. Jumamosi yeye abebe kompyuta, antena ibaki nyumbani ili milio isitoke hewani. Wewe beba taulo, na yai lile lile kifuani lisipoe. Tandika mbele ya Masikio, liteleze, lipige salamu wote wasikie. Kisha mzee aombe radhi kwa kuacha redio wazi, nawe uombe kwa taulo. Na kama litakuwa limeshaanguliwa, beba kifaranga, umshike miguu, asikanyage kitufe chochote.