Saa mbili yangu na saa mbili ya mashine

Rumonge, Jumatano. Mvua ya asubuhi imekatika, jua linachoma, na leo nimejivua sifa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sifa yenyewe ilianza juzi. Madamu Josiane, injeniyeri wetu, anaingiza kaye zote, daftari za labo yetu ya matofali, mu ordinateri, ili mashine ituambie udongo gani, na moto wa muda gani, unatoa tofali gumu. Matofali ni ya kujengea watu waliochomewa nyumba mu vita hii. Akakuta mwandiko wangu: tofali limeingia tanuru saa 2. Akaita watu wote wa labo.

"Muone huyu mzee! Saa nane ya usiku, mu kuvrefe, watu wamekatazwa kutoka, risasi zinalia, yeye iko kazini! Nyinyi vijana mutafika wapi?"

Nikainamisha kichwa kama mtakatifu.

Kumbe saa ile nilikuwa ninakoroma. 2 yangu ni saa mbili ya asubuhi, ya Waswahili. Saa za Kifaransa, zinazoanza kuhesabiwa saa sita ya usiku, sikuzijua. Shule niliacha mwaka wa tatu, patroni aliyenipa kazi nikamwambia nimemaliza. Mwenzangu Zakayo, aliyekuwa anatoa matofali mchana, alisoma kwa mapadri. Yeye aliandika 14, ndiyo saa nane ya mchana. Mimi ninaingiza kwa Kiswahili, yeye anatoa kwa Kifaransa! Na Zakayo alikimbilia Tanzania. Hakuna wa kunisema.

Leo mashine imetoa jibu: tofali gumu linataka moto masaa kumi na mbili.

Ni sita tu, mashine wee!

Madamu akaanza kuwaandikia wachomaji barua: kuni ziwe mara mbili. Kuni zinatoka mulimani, upande wa Bugarama, kule bunduki hazijanyamaza. Anayepanda kuzikata ni mukwe wangu Yusufu, baba ya wajukuu wangu.

Nikakohoa.

"Madamu, ile saa nane ya usiku... nilikuwa kitandani."

Nilipomweleza, akacheka mpaka miwani ikaanguka. Halafu akaacha kucheka.

"Mzee Radjabu, siku mbili unakula sifa, unanyamaza?"

"Zilikuwa tamu, mama."

Barua ameichana. Tumerudi kaye ya kwanza, mustari kwa mustari: mimi ninamwonyesha mwandiko wangu, yeye anaongeza sita. Vijana tayari wananiita Mzee Saa Mbili. Waache wafurahi.

Kinachonisumbua ni kingine. Angekuwa mukwe wa mutu mwingine anayepanda ule mulima, ningekohoa?