Tulivyosubiri Kinyesi cha Ng'ombe wa Bibi Udamira

Ijumaa, Agosti. Upepo wa mlimani umevuma tangu alfajiri, ule unaokulisha vumbi hata ukifunga mdomo. Mlima Hanang umejifunika wingu kichwani kama mtu asiyetaka kusalimiwa. Nimechoka, miguu inaniuma, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Basi naiweka hapa.

Leo watu wazima wa Endasak, pamoja na shule nzima ya msingi, tumeshinda tukisubiri ng'ombe anye.

Najua inavyosikika. Ngoja nieleze.

Zamani huku hatukuwa na takataka. Si kwamba tulikuwa wasafi, hatukuwa na cha kutupa tu. Chupa ya soda ilirudi dukani, la sivyo hupewi nyingine, na kopo la mafuta lilifanya kazi tatu kabla ya kustaafu. Kisha mambo yakawa ruksa, maduka yakajaa, baadaye tukapata na mkoa wetu wenyewe, na plastiki nayo ikahamia kwetu na familia yake yote. Siku hizi mvua ikinyesha, mitaro inashusha chupa kuliko maji.

Mwaka jana tukaletewa Mwalimu Salome. Ni binti mdogo, kwao Lindi, na alifika hapa Juni akiwa na sweta moja jepesi. Nilimpa miezi mitatu awe ameshaondoka. Yeye akaiangalia mitaro yetu akaona darasa. Watoto wakaanza kuokota. Wakatengeneza twiga wa madumu ya njano ya mafuta ya kupikia, maua ya vizibo vya soda, na uzio wa chupa zilizojazwa udongo. Mimi nina kibanda cha kuchaji simu, kwa hiyo mchango wangu ulikuwa macho. Twiga wa shule yetu anaona kwa vioo vya simu mbili zilizofia mikononi mwangu.

Mwanangu Fausta, kitinda mimba, yuko darasa la tano. Yeye alitengeneza jogoo. Mwili ni chupa ya maji, mkia ni mifuko ya plastiki myekundu na ya bluu, ameichana myembamba kama nywele za kusukia. Walimsimamisha juu ya nguzo ya mlango wa bustani afukuze ndege. Ndege walimwogopa kwa siku moja.

Na bustani yenyewe iko nyuma ya madarasa. Kuna mchicha, sukuma, figiri, karoti kidogo. Kila mtoto anakuja asubuhi na chupa yake ya maji kutoka nyumbani. Sasa mchana makande yao yana kitu cha kijani pembeni. Nimekula makande ya shule miaka saba yakiwa peke yake, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mchicha ni kitu kidogo.

Shida ni mahali penyewe. Huku kwetu mahindi yakishavunwa, mashamba yanakuwa ya ng'ombe. Wanaingia popote, wanakula mabua, wanaacha samadi, hakuna anayemdai mwenzake. Na pale nyuma ya shule ndipo ng'ombe wa Bibi Udamira walipokuwa wanapita kiangazi kwenda lamboni. Bibi Udamira ni Mbarbaig, mjane, ana ng'ombe wengi na maneno machache. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema bustani hiyo haitaki, inamfungia njia. Akaketi. Mwenyekiti akatoa uamuzi wa kuwaridhisha wote: bustani ibaki, ila siku itakapoleta ugomvi na mifugo, uzio unang'olewa.

Hapo ndipo tulipo. Sasa kosa letu.

Wiki iliyopita Mwalimu Salome alitaka chokaa ili vile vinyago vipendeze. Chokaa haikuwepo. Watoto wakamwambia, "Madam, nyeupe ipo ziwani." Ni kweli ipo. Kiangazi ziwa Balangida linarudi nyuma, linaacha ufukwe mweupe unaoumiza macho. Jumamosi wakaenda na ndoo, wakarudi, wakachanganya ule udongo na uji mwepesi ili ushike, wakapaka twiga, wakapaka maua, wakapaka uzio wote. Ulipendeza. Nilisimama pale na wazazi wenzangu tukasema hii shule sasa ni kama za mjini.

Ile nyeupe ni chumvi.

Tunajua wote. Ndiyo tunayowapa ng'ombe. Darasani mle kuna watoto waliojua kuichimba kabla hawajajua kuhesabu. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mwalimu Salome simlaumu, kwao chumvi inakaa baharini. Lakini sisi! Mtoto wa huku akifika shuleni huiacha akili ya nyumbani nje ya geti, pamoja na fimbo. Kumbe wazazi nao ni hivyo hivyo.

Jumatano ng'ombe wa Bibi Udamira walipita mbali kidogo, kwa njia yao mpya ya kule chini, kwa adabu zote. Upepo ukawapelekea harufu. Wakageuka. Walimlamba twiga kuanzia kwato hadi shingoni mpaka akarudi kuwa wa njano. Walilamba uzio hadi ukalala. Na kwa kuwa baada ya chumvi kila mtu hutafuta cha kushushia, wakaingia ndani wakamaliza matuta mawili ya sukuma. Kisha wakaenda lamboni wakanywa maji kama wanalipwa.

Walipoondoka, jogoo wa Fausta hakuwepo.

Jana asubuhi habari ikaja kwamba ng'ombe mmoja wa Bibi, yule mwekundu, amelala, hataki kuinuka, tumbo limekaza kama ngoma. Watu wakajumlisha hayo mawili. Pale kibandani kwangu kila aliyeleta simu alikuwa ameona kwa macho yake. Asubuhi ng'ombe alikuwa amemeza mkia wa jogoo. Mchana akawa amemeza jogoo mzima. Kabla sijafunga, kuna mzee alikuwa anauliza kama twiga yupo bado.

Lakini si jambo la kucheka. Bwana mifugo wetu ameshapasua ng'ombe aliyekufa akakuta plastiki imejikunja tumboni kama godoro. Jana alikuja na pikipiki, akamnywesha yule ng'ombe mafuta ya kula, akasema hakuna la kufanya zaidi, tungoje atoe kinyesi. Mwenyekiti naye akasema lake. Tungoje mpaka leo mchana. Bibi asipoleta habari njema, uzio unang'olewa, na ng'ombe akifa shule itafute ng'ombe wa kumlipa.

Fausta hakula jana. Alikaa jikoni anachora chini kwa kijiti.

"Mama, akifa, nitakuwa nimemuua mimi?"

Nikamwambia hapana. Lakini niliisikia sauti yangu mwenyewe, na hata mimi sikuiamini.

Leo sikufungua kibanda mapema. Nilikwenda shuleni, kamati nzima ya shule ilikuwa pale. Mwenyekiti alikuwa amekalia jiwe na panga limelala mapajani. Mwalimu Salome alikuwa anafundisha hesabu, ameligeuzia dirisha mgongo kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Mstarini mwalimu wa dini alikuwa amewaombea wagonjwa wote "na hasa yule ng'ombe", na nasikia watoto waliitikia amina ambayo hawajawahi kuitikia kwa ajili ya binadamu yeyote.

Mjumbe mmoja akaniuliza, "Mama Fausta, simu yangu imejaa?"

"Imejaa kuliko tumbo la ng'ombe."

Hakucheka. Hata mimi sikucheka.

Jua likapanda. Mwenyekiti akasimama, akajipangusa vumbi, akalishika panga. Hapo tukasikia pikipiki.

Alikuwa kijana wa Bibi Udamira, Gidashang, anayebeba abiria kati ya hapa na Katesh. Nyuma amempakia mama yake, amekaa wima kama yuko kwenye kiti cha kanisani. Na mbele, juu ya taa, amefungwa kwa mpira, mkia unapepea mwekundu na bluu, alikuwa jogoo.

Watoto ndio waliomwona kwanza. Madarasa yote yakanyamaza, halafu yote yakamwagika nje. Mwalimu Salome hakuwazuia, alikuwa ametangulia.

Bibi akashuka, bangili zinalia. Shule nzima ikamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo Bibi!"

"Marahaba. Nimewaletea mwizi wenu."

"Mama, sikuiba," Gidashang akasema, bado amekalia pikipiki. "Nilimwokota. Ng'ombe walishamwangusha. Nikaona anafaa pale mbele."

"Na jana, watu wote wanalia kwamba yuko tumboni mwa ng'ombe wangu, masikio yako uliyafungia kwenye gurudumu?"

Kijana akaangalia tangi la mafuta. "Walisema uzio utang'olewa, Mama. Si ndivyo ulivyotaka wewe?"

Tukaangaliana. Maana ndivyo alivyotaka kweli, sote tulimsikia mkutanoni. Bibi akageuka akaongea na sisi, kwa sauti ile ile ya mtu anayeagiza sukari.

"Ng'ombe ameinuka alfajiri. Amekunya. Nimeangalia mwenyewe kwa kijiti. Hakuna hata unyoya."

Nimeshuhudia harusi, nimeshuhudia matokeo ya mtihani. Sijawahi kusikia kelele kama zile.

Bwana mifugo akaanza kueleza kwamba ni chumvi nyingi, kisha majani mabichi, kisha maji mengi, lakini hakuna aliyemsikiliza. Bibi alikuwa ameshamfikia Mwenyekiti.

"Na wewe, panga la nini? Unamchinja nani?"

"Hili? Aa, Bibi. Nilikuwa napita tu kukata kuni."

"Shuleni?"

Mwenyekiti akaliweka panga nyuma yake. Watoto walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Bibi akaingia bustanini. Akatazama matuta mawili yaliyoliwa, akatazama yaliyobaki. Akachuma jani la figiri, akalitafuna. Kisha akamwita Mwalimu Salome.

"Mwalimu, mnawaita ng'ombe halafu mnalia kwamba wamekuja. Haya maua na huu uzio vioshwe leo leo. Huyo mrefu mpelekeni lamboni akae kule na chumvi yake. Yeye ni mgumu, hawammezi. Wameshampenda."

"Na njia yako, Bibi?" Mwalimu akauliza.

"Wakiwa na chumvi kule mbele, hapa watafuata nini? Watapita kule chini wenyewe."

Basi. Hakuna mkutano, hakuna muhtasari. Watoto wakambeba twiga mabegani, wakubwa mbele, wadogo wanashikilia mkia tu ili nao wahesabike. Nikaenda nao. Tulimsimamisha kando ya lambo, tukamshindilia mawe miguuni, tukampaka chumvi upya. Kabla hatujaondoka ng'ombe wa kwanza alikuwa ameshafika. Nadhani hakuna sanaa nyingine mkoa huu inayopokelewa hivyo.

Kuhusu jogoo: Bibi alimfungua kwenye pikipiki akamkabidhi Fausta mbele ya watu. Uso wa Gidashang ulisawijika. Ni mwanaume mzima, ana ndevu, na alikuwa anamwangalia yule jogoo wa chupa kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Fausta alimgeuza jogoo huku na huku, akachunguza mkia.

"Upepo umeuharibu," akasema. "Nikiufunga upya anaweza kubaki naye. Ila kila akitoka lamboni atuletee dumu la maji ya bustani."

"Umemsikia bosi wako," Bibi akamwambia mwanawe.

Jioni hii Fausta amekula ugali na figiri, akaongeza, akaongeza tena, akalala bila kunawa miguu. Sijamwamsha. Namsikia anavyopumua huko chumbani na namshukuru Mungu kwa kila pumzi. Nashukuru kwa bwana mifugo na mafuta yake. Nashukuru hata kwa Mwenyekiti, ambaye kesho atasema bustani ilikuwa wazo lake. Mwalimu Salome, tukiosha maua, aliniuliza ni wapi atapata sweta zito la mtumba. Nikamwambia nitampeleka mnadani. Mtu anayepanga kuondoka haulizii sweta.

Ila nikikaa kimya, ninayemfikiria ni Bibi.

Hakulazimika kuja. Angebaki nyumbani anakamua ng'ombe wake mpaka mchana, basi tu. Panga lingefanya kazi, njia yake ingerudi, na hakuna ambaye angejua jogoo yuko wapi. Badala yake aliona mkia unapepea kwenye pikipiki ya mwanawe, akamwambia washa, akaja kuiokoa bustani asiyoitaka, akimwaibisha mtoto wake mwenyewe mbele ya kijiji cha watu ambao nusu yao humsalimia kwa kulazimika.

Ningekuwa mimi, ningepanda ile pikipiki?

Nimejiuliza mara mbili tangu nianze kuandika. Mara zote mbili nimejikuta nakohoa badala ya kujijibu.

Kesho kabla ya kufungua kibanda nitakwenda kwa Bibi kumjulia hali yule ng'ombe mwekundu. Fausta nitakwenda naye. Ni mbali, na hii baridi, lakini mtoto anapaswa kuijua njia ya kwenda kwenye nyumba kama ile.